Sanduku la Misumari Kumi na Minne

Mashine yangu ya kwanza ya muziki ilikuwa na ukubwa wa Biblia ya mchungaji, ile ya herufi kubwa. Ilikuwa na vitufe kumi na sita vya mpira. Ukirekodi sauti yoyote ukaiweka kwenye kitufe, basi kila ukibonyeza unaipata sauti ile, na ukizipanga sauti vizuri unapata mdundo. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mtu wa Nairobi ambaye alikuwa anahama nchi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza kava za simu na chaja katika duka moja mjini Kisii. Mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake umefanya biashara mjini tangu enzi za babu zake, alinisikia nikiijaribu nyuma ya kaunta. Akauliza, "Mwanangu, huo ni muziki ama ni simu ya mteja imeharibika?"

Pamoja na mashine nilikuwa na kinanda kidogo cha vitufe ishirini na vitano, kimikisa cha kuchanganyia sauti kisichozidi kiganja, na nyaya zilizojifunga mafundo kila nilipogeuza macho. Vyote vingeenea mezani pa mwalimu mkuu na bado akapata pa kuweka chai. Ndiyo maana watu hudhani vyombo vidogo ni rahisi kubeba. Si kweli hata kidogo. Spika kubwa ukiiangusha inalia "pu" na unaendelea na harusi. Kitu kidogo hufa kimyakimya, na hukijui kimekufa mpaka uko mbele ya watu.

Nilitazama kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyobeba vyao. Wana masanduku meusi ya plastiki ngumu, ndani sponji imekatwa kwa umbo la kila chombo, kila kitu na kitanda chake. Nilikuwa nikitazama kama mwenye njaa anavyotazama wapishi. Sanduku moja la namna hiyo, kulileta mpaka Kisii, lilinishinda. Mimi nilianza na sweta kuukuu ndani ya mfuko wa unga, nikahamia kwenye kontena ya plastiki ya kuwekea wali, kisha nikaamua kumwona fundi wa masanduku ya bati.

Fundi huyo alikuwa akifanya kazi karibu na stendi, akitengeneza masanduku ya wanafunzi wanaoingia shule za bweni. Kila Januari alikuwa mfalme. Miezi mingine alikuwa akikaa juu ya masanduku yake akitafuna muwa.

"Unapeleka mtoto form one?"

"Hapana. Ni ya muziki."

"Iko shule ya muziki huku?"

Nilimwonyesha vipimo. Akasema hiyo ni saizi ya mtoto wa nasari. Alilikunja bati, akaliwekea komeo mbili, akalipaka rangi ya buluu, na kabla sijamzuia akachukua brashi ya rangi nyeupe akauliza aandike jina gani na namba gani ya shule. Nilikasirika, ingawa hakuwa amekosea. Sanduku bila jina huibiwa bwenini, kila mtu anajua. Nilimwambia aliache hivyo hivyo, nikaenda kwa watengeneza makochi nikaomba vipande vya sponji, nikavikata kwa kisu cha jikoni, nikajiona mtu wa maana.

Bati lina tabia moja ambayo fundi hakuniambia, labda kwa sababu nguo za mwanafunzi hazijali. Bati hutoa jasho. Kisii mvua hunyesha mchana, jioni baridi inashuka, asubuhi ukifungua kifuniko unakuta matone yamejipanga kwa ndani. Nilikuwa nikiyafuta kwa kitambaa na kuendelea. Nilizunguka na sanduku hilo msimu mzima wa mvua, kwenye harambee za makanisa na harusi mbili tatu, nikivumilia vicheko vya "huyu dada amefukuzwa shule." Mashine ilitumia betri sita. Sikuwa na kawaida ya kuzitoa. Kile kifuniko cha chini kilikuwa kinabana, kinavunja kucha, na mimi sina subira na vitu vinavyobana.

Siku moja komeo zote mbili zilifyatuka barabarani, nikaokota nyaya zangu kutoka kwenye tope huku watu wanaotoka sokoni wakinitazama. Jioni hiyo nilimpigia baba simu, nikalalamika weee. Sikuwa nimempigia anisaidie. Nilitaka tu mtu wa kumlalamikia.

Baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tata kama Wagusii wote wamwitavyo baba, ni mtu wa Tabaka. Tabaka ni kwa mawe laini. Watu wanachimba jiwe, wanachonga, wanasugua kwa msasa na maji, wanapaka nta, na wanunuzi wanakuja na malori. Tata alichonga akiwa kijana, lakini jina lake lilikuwa la kufungasha. Kazi ya mfungashaji haionekani. Mtu wa ng'ambo akipokea twiga wa jiwe mwenye shingo nyembamba kama kidole, na shingo ile haijakatika, anamsifu mchongaji. Hamjui mzee wa Tabaka aliyemvisha twiga yule magazeti na majani makavu ya mgomba, akamfungia ndani ya kreti, akapiga misumari.

Alikuwa na sheria zake, na nilizikariri kabla ya kujua kusoma. Ya kwanza, kitu kikipewa nafasi ya kidole kitajivunja chenyewe, kwa hiyo banisha. Ya pili, jiwe na jiwe yasigusane makavu, pakaza unga laini wa mawe katikati ili yasikwaruzane. Ya tatu ndiyo aliyoisema mara nyingi zaidi: kikifika kimevunjika, kosa ni la mfungashaji. Hakuna cha dereva, hakuna cha bandari. Mwaka mmoja kiboko cha mnunuzi mmoja kilifika sikio limetoka. Mnunuzi mwenyewe alisema alikiangusha akikitoa ndani ya kreti. Tata alichonga kiboko kingine na kukituma, na hakuna aliyemwomba.

Nyumba yetu ilikuwa nyeupe kwa unga ule. Ulikuwa kwenye nywele, kwenye sufuria, kwenye daftari zangu za shule. Nilipohamia mjini jambo la kwanza lililonifurahisha lilikuwa meza inayobaki safi ukishaifuta.

Muziki wangu Tata alikuwa hajausikia. Aliuita "ile kazi yako ya umeme." Siku niliyompelekea mashine aione, mara tu niliponunua, alinyosha mkono aguse kitufe kimoja. Nilimwambia, "Tata, usiguse, mikono yako ina unga." Alijifuta kwenye suruali, akaitazama mikono, akaiweka nyuma ya mgongo. Alisimama hivyo mpaka nikamaliza kumwonyesha. Nakumbuka sana jinsi alivyosimama, kwa sababu wakati ule nilifurahi kwamba amenielewa.

Lakini nilikuwa na siri. Siku hiyo hiyo, na siku nyingine nilizokwenda nyumbani, nilimrekodi kwa simu bila yeye kujua. Nilichukua sauti ya tupa ikikwangua jiwe, msasa ndani ya ndoo ya maji, patasi, na nyundo yake ya kufungia, ambayo hupiga mara tatu kwa kila msumari, mbili nzito na moja nyepesi ya kuaga. Nilizipeleka zote kwenye vile vitufe kumi na sita. Ulitoka mdundo ambao mpaka leo sijatengeneza unaoushinda. Niliongeza mwendo kidogo ili watu wacheze. Nilitaka Tata ausikie, tena nilitaka ausikie mbele ya watu, watu wakishangilia mikono yake bila kujua ni yake, halafu mimi nimwambie. Kwa miezi kadhaa sikuwa na haja nyingine duniani zaidi ya hiyo.

Nafasi ilikuja. Kikundi cha wanamuziki kutoka Nairobi kilikuwa kinapita huku kwetu kutafuta mtu mmoja wa kuzunguka nao kwa miezi mitatu, na walipanga kutusikiliza Nyansiongo, kwenye ukumbi wa ushirika wa maziwa. Kila mtu alipewa dakika kumi.

Sasa nirudi kwenye simu ile ya malalamiko. Tata alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, kwa Kigusii, maana sisi wawili hatujawahi kuzungumza lugha nyingine, "Niletee hicho kitu nikufungie."

Sikuamini. Tangu ninunue mashine ile hakuwa ameuliza hata inaitwaje.

Nilimpelekea mashine na vyombo vingine vyote Jumapili. Nilikuwa sijaiwasha tangu siku ya tope, na kama kawaida betri zilikuwa ndani. Aliniomba niiweke mezani mimi mwenyewe. Aliipima kwa uzi na kwa vidole bila kuigusa, akizunguka meza, akiandika kwa penseli kwenye ukuta. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na kucha zake zilikuwa zimesuguliwa mpaka nyekundu. Nilimwalika Nyansiongo nikiwa natazama pembeni, kana kwamba ni jambo dogo. Akasema, "Basi nitakuletea huko huko. Mzigo mzuri haufunguliwi njiani."

Wiki tatu mashine ilikaa kwake. Nilifanya mazoezi kwa kugonga kaunta ya duka kwa vidole, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina mashetani.

Siku yenyewe Nyansiongo ilikuwa na baridi yake ile ya asubuhi, nyasi zimelowa, ukumbi unanuka maziwa. Tata alifika mapema kuliko hata waandalizi. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia na kofia, na juu ya magoti yake palikuwa na sanduku. Alikuwa amelipakata hivyo kutoka Tabaka.

Nikiri jambo moja. Lilikuwa sanduku zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye simu. Mbao za sipresi, zimepigwa randa mpaka zinateleza, pembe zimeungana bila mwanya wa kupitisha unywele. Mpini ulikuwa wa ngozi, kipande cha mkanda wake mwenyewe. Ubavuni alikuwa amechora kwa wino mweusi mishale miwili ya kuelekeza juu na picha ya glasi, kama anavyochora kwenye kreti za ng'ambo.

Halafu nikaona misumari. Kifuniko kilikuwa kimepigiliwa misumari kumi na minne.

"Tata," nikasema, "nitafungua vipi?"

Akatoa nyundo mfukoni mwa koti. "Polepole," akasema.

Zamu yangu ilipofika, Tata alipanda jukwaani nami, akapiga goti, akaanza kung'oa msumari mmoja baada ya mwingine, na kila msumari akiutia ndani ya leso yake. Mwandalizi, kijana mwenye miwani ya rangi, alikuwa akitazama saa. Ukumbi ulianza kucheka. Mtu alisema kwa sauti, "Wanafungua jeneza la paka!" Nilisikia uso wangu ukiwaka. Dakika zangu kumi, tatu zilikwenda na misumari.

Ndani alikuwa ametandika blanketi lake la zamani, na juu yake majani ya mgomba yaliyopasuliwa laini. Kila chombo kilikuwa kimevikwa gazeti na kufungwa kwa uzi. Hakuna kilichosogea hata upana wa kucha. Nilivipanga, nikaunganisha nyaya, nikachomeka adapta ukutani.

Mashine haikuwaka.

Nilibadilisha soketi, haikuwaka. Niliigeuza, nikakazana na kile kifuniko cha betri mpaka kikaruka. Ndani palikuwa na unga mweupe. Ulikuwa umezizunguka betri, umejaa kwenye springi, umeingia kwenye pembe zote. Sasa mimi ni mtoto wa Tabaka. Mtu wa kwingine akiona unga mweupe atajiuliza ni nini. Mimi sikujiuliza. Nimekula unga ule, nimelala ndani yake, nimepigwa na mwalimu aliyedhani nimechezea chaki. Niliujua kabla macho hayajamaliza kuuona.

Nikamgeukia mwandalizi, nikasema kwa Kiswahili. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama ningesema kwa Kigusii, lingekuwa neno kati ya mtoto na baba yake, na watu wa huku wangelisikia wakalisahau. Nilichagua Kiswahili ili wageni waelewe kwamba kosa si langu.

"Ni huyu mzee! Amejaza unga ya mawe ndani ya mashine yangu! Hii si jiwe! Yeye anajua mawe tu, maisha yake yote ni mawe, hajui kitu kingine!"

Ulimi hauna mfupa. Mtu mmoja ukumbini akacheka, akanyamazishwa.

Tata aliinuka kutoka pale alipopiga goti. Kiswahili chake ni kile cha kusemea na wanunuzi, hakina mapambo. Alivua kofia, akamwambia yule kijana wa miwani, "Ni ukweli. Ni mimi nimeharibu. Msichana hana makosa. Tafadhali mpatie nafasi ingine."

Kijana alisema pole mzee, ratiba imejaa. Walimwita dada mmoja mwenye gitaa, naye ndiye waliyeondoka naye. Tata alikunja blanketi, akazoa majani ya mgomba asiache uchafu kwenye jukwaa la watu, akaweka kifuniko juu ya sanduku tupu, akalitia begani. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata awe mtu usiyempenda. Mimi nilikaa kwenye benchi na mashine mapajani. Nilimwona kupitia dirishani akitembea kwenye nyasi mbichi na leso ya misumari mkononi, na sikuinuka.

Wiki mbili nilikuwa na hasira safi, hasira ya mtu mwenye haki, ambayo ni tamu kuliko sukari. Niliwaeleza wote dukani. Mwenye duka alinisikiliza mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akasema, "Na huyo baba ana binti wangapi?" Nikamwambia ni mimi tu. Akaendelea kupanga chaja.

Kisha nikaipeleka mashine kwa fundi wa redio. Huyu alikuwa mtu wa kaunti za ziwani, ameishi Kisii miaka mingi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka mtaa wa pili. Nilimwambia aitoe unga wa mawe ndani. Alifungua skrubu, akainua bodi, akaisogeza kwenye taa. Hakucheka.

"Dada, hizi betri uliziacha ndani tangu lini?"

"Kwani betri zina nini? Huo ni unga wa mawe. Mimi ni wa Tabaka, naujua."

"Mimi ni wa ziwani," akasema, "lakini si kila maji ninayoona ni ziwa. Gusa."

Niligusa. Unga wa mawe yetu ni laini, unateleza vidoleni kama poda ya mtoto. Ule ulikuwa na chenga, na baada ya muda ukaanza kuwasha ngozi. Alinionyesha majimaji ya betri yalivyovuja, yakakauka yakawa meupe, mengine yakateremka kwenye bodi na kula njia za shaba moja baada ya nyingine. Akaniuliza nilikuwa nikiiweka wapi. Nikamwambia, sanduku la bati. Akatikisa kichwa. Unyevu, akasema. Bati na unyevu na betri kuukuu.

"Ungeiona mapema, mwezi mmoja nyuma, ningeisafisha ikapona. Saa hii imekwisha." Kisha akaigeuzageuza. "Lakini nani alikufungia hii? Haina hata mkwaruzo moja. Huyo mtu anajua kazi."

Nyani haoni kundule. Niliondoka pale na mashine ndani ya mfuko wa karatasi, nikapita kwa yule fundi wa masanduku, nikatamani nimlaumu yeye. Hata yeye hakuwa amefanya kosa. Alikuwa amenitengenezea sanduku la mwanafunzi, na mwanafunzi haachi betri ndani ya nguo.

Mtu mwema angepanda gari la Tabaka jioni ile. Mimi nilikaa miezi minne. Nilikuwa nikimpigia Tata simu, tunazungumza mvua, tunazungumza ng'ombe wa jirani, na kila nilipotaka kusema nilisema kesho. Watu husema majuto ni mjukuu, na mimi sina hata mtoto, lakini yalikuja.

Kilichonipeleka ni habari niliyoipata kutoka kwa mnunuzi mmoja aliyekuja dukani kutafuta kava ya simu. Alimjua Tata. Alisema mzee aliacha kufungasha. Aliwaambia wanunuzi wote watafute mtu mwingine, kwamba mkono wake umeharibu kitu cha mtoto wake na hauaminiki tena. Siku hizi, akasema, anasugua visahani vya kuwekea sabuni, kazi wanayopewa wanaoanza.

Nilimkuta kibandani, mbele yake ndoo ya maji na msasa, kando yake visahani vimerundikwa. Alifurahi kuniona. Alinipa kigoda, akakifuta kwanza, mara mbili, kwa mkono wa shati.

Sanduku lilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa chake. Alilishusha kabla sijasema neno. Ile misumari kumi na minne hakuna hata mmoja uliobaki. Alikuwa ameweka bawaba mbili za mlango wa zamani na kijikomeo cha ngozi, na ndani blanketi lilikuwa limeshonwa kwa umbo la mashine, kila pembe. Akalifungua na kulifunga, akalifungua tena.

"Sasa linafunguka," akasema. "Sikuwa nimeelewa kwamba wewe unalifungua kila siku. Jiwe hufunguliwa mara moja tu." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Kilipona?"

Nikamwambia hakikupona. Nikamwambia yote: betri, jasho la bati, fundi wa redio, unga unaowasha ngozi. Nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba pale Nyansiongo nilimtukana bure mbele ya watu. Nililia. Nilikuwa nimepanga nisilie.

Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Ule unga niliuona," akasema. "Siku ya kufunga, wiki ile ile uliyoniletea, nilifungua kifuniko cha chini, nione kama kuna kitu kinachochezacheza ndani. Nikaona unga. Nikajua umetoka hapa kibandani, umeingia usiku. Nilifuta kwa shati, mwingine haukutoka. Nilitaka kukupigia simu."

"Mbona hukupiga, Tata?"

"Uliniambia mikono yangu ina unga."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilihesabu kichwani. Siku ya kufunga mpaka siku ya Nyansiongo zilikuwa wiki mbili na zaidi, na nyingine mbili mpaka kwa fundi wa redio. Fundi alisema mwezi mmoja nyuma ingepona.

"Tata, haukuwa unga wako. Ulikuwa wa betri."

"Miaka arobaini nimekaa na unga wa mawe. Naujua."

"Hata mimi nilidhani naujua! Fundi amenionyesha!"

"Mwanangu," akasema, "kikifika kimeharibika, kosa ni la mfungashaji." Akatia msasa kwenye maji.

Nilibishana naye mpaka jua likahama mlangoni. Nilikuwa nimembebesha kosa langu mbele ya watu, na sasa nilipotaka kulichukua alikataa kunirudishia. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimesikia methali hiyo tangu utotoni na kuiona ya watu wavivu.

Sikuwa na kingine cha kumpa. Nilitoa simu. Mdundo wenyewe ulibaki humo, ule nilioutengeneza kwa mikono yake, kwa kuwa niliurekodi siku nilipoumaliza. Nikaiweka juu ya rundo la visahani, nikabonyeza.

Tupa ilikwangua, patasi ikaingia, msasa, maji, nyundo, mbili nzito na moja nyepesi. Tata aliacha kusugua. Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri, akafumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya ndoo. Nilikuwa nimengoja jambo hilo zaidi ya mwaka.

Akafumbua macho. "Huyu mchongaji ana haraka sana," akasema. "Jiwe lake litapasuka."

Nilikuwa nimeongeza mwendo ili watu wacheze.

"Ni mtu wa huku?" akauliza.

"Ndiyo. Ni mtu wa huku."

"Mwambie apunguze," akasema, akachukua kisahani kingine. Nilizima simu, nikaitia mfukoni. Aliniomba nimsogezee ndoo, nikamsogezea.